Fundi Saa wa Soko la Jubilee na Pentax K1000: Tathmini ya Usafishaji wa Kamera ya Filamu Kisumu

Kupata kamera ya zamani mjini Kisumu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Zimo kabatini mwa wazee waliofunga studio zao, na nyingine hujitokeza katika Soko la Kibuye siku ya Jumapili, zikiwa zimepangwa kwenye turubai kati ya redio na pasi za umeme. Kazi ni kumpata mtu wa kuifungua kamera yenye umri wa miaka arobaini hivi, akaisafisha, kisha akaifunga tena bila kubakiwa na skrubu mkononi. Makala haya yanatathmini huduma ya fundi mmoja mwenye chumba kidogo nyuma ya Soko la Jubilee, ambaye nilimkabidhi kamera ya Pentax K1000 pamoja na lenzi yake ya milimita 50. Majirani wanamjua kwa saa, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoanza nayo. Anayemtafuta na aulizie fundi saa, maana akiulizia fundi kamera ataelekezwa kwa vijana wanaofunga kamera za ulinzi madukani.

Niseme mapema kwamba nimeridhika, ingawa si kwa kila jambo, na kwamba kilichonifanya nimwamini ni orodha ya mambo aliyokataa kuyagusa.

K1000 ni kamera inayofaa kumpimia fundi. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na katika muda huo wote haikubadilishwa sana. Shata yake, yaani mlango unaoruhusu mwanga kufika kwenye filamu, ni mapazia mawili ya kitambaa chenye mpira, yanayokimbia kutoka upande mmoja wa filamu hadi mwingine kwa nguvu ya springi, na kasi zake zote, kuanzia sekunde moja hadi sehemu ya 1/1000 ya sekunde, zinatawaliwa na gia na wenzo bila umeme wowote. Betri yake ndogo ya aina ya LR44 huendesha sindano ya kipima mwanga peke yake; ikiisha, mtu huendelea kupiga picha kwa kukadiria jua. Kwa sababu hiyo fundi hana pa kujifichia. Hawezi kusema sakiti imeungua, wala kwamba kipuri hakipatikani; kamera hii ikikwama, sababu huwa ni uchafu, mafuta yaliyoganda, kutu, au mkono wa mtu aliyeifungua kabla yake.

Yangu ilitoka kwa mpiga picha mstaafu wa Kakamega, na ilikuwa na dalili nyingi kwa pamoja. Sindano ya kipima mwanga ilikuwa imelala chini, haijali jua wala kivuli. Sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango wa nyuma zilikuwa zimegeuka ute mweusi unaonata kama lami. Kasi ya sekunde moja ilikuwa ikivuta kwa mlio wa kujikokota, mara nyingine ikisimama katikati. Lenzi ilikuwa na nyuzi nyeupe za kuvu kwenye ukingo wa kioo cha mbele, na vile vipande vyembamba vya chuma vinavyopunguza tundu la lenzi vilikuwa vinang'aa kwa mafuta.

Fundi hakushika bisibisi siku ya kwanza. Aliiweka kamera sikioni, akaifyatua katika kila kasi, kuanzia ile ya haraka hadi ya polepole, akaandika alichokisikia katika daftari la shule. Kisha akanieleza bei: shilingi 3,000 kwa mwili wa kamera na 1,500 kwa lenzi, nusu ilipwe mapema. Nilipomuuliza kama angerekebisha pia kasi ya 1/1000, ambayo nilishuku ilikuwa imechoka, alijibu, "Mwalimu, hiyo tutaisafisha kwanza, halafu tutaiuliza. Springi za mapazia siziamshi bila sababu." Nilichukulia jibu hilo kuwa ukwepaji. Baadaye, aliponiruhusu kukaa pembeni na kutazama, niliona mantiki yake.

Ufunguaji wenyewe ndio sehemu inayostahili sifa nyingi. Skrubu za kamera za Kijapani za wakati ule zina kichwa cha msalaba kinachofanana na kile cha kawaida, lakini zimekatwa kwa kiwango cha Kijapani kinachojulikana kama JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba haikai hadi chini. Ukiikaza, huruka na kula kichwa cha skrubu. Kamera nyingi za mitumba zina makovu ya namna hiyo kwenye bamba la chini, na mnunuzi makini huanzia hapo kukagua. Fundi huyu ana bisibisi za kiwango hicho, na kabla ya kuanza hutia tone la spiriti kwenye skrubu zilizoshikamana na rangi, akangoja. Bamba la juu halitoki kwa skrubu peke yake. Ni lazima kwanza kifundo cha kurudishia filamu kifunguliwe, na hapo aliingiza kijiti cha mbao kwenye uma ulio ndani ya chumba cha filamu ili usizunguke, kisha akakizungusha kifundo kwa vidole. Kifuniko cha mkono wa kuvutia filamu hakina mahali pa kuingizia bisibisi, kwa hiyo alikikandamiza kwa kipande cha mpira na kukizungusha taratibu hadi kikalegea. Mtu asiyejua jambo hili hutumia koleo, na alama za koleo hazifutiki.

Kila skrubu iliyotoka iliingia kwenye shimo lake katika trei ya mayai, kwa kufuata mpangilio wa kutoka, na kila hatua ilipigwa picha kwa simu. Skrubu za kamera hizi hutofautiana urefu kwa kiasi kidogo sana, na iliyo ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kugusa gia iliyo chini yake na kuifunga kamera nzima.

Tatizo la kipima mwanga lilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Betri ya alkali ilivuja ndani zamani, ikaacha ganda la kijani kwenye chumba chake, na waya ulio chini yake ulikuwa umeoza ndani ya plastiki hata ukavunjika ulipoguswa. Kinachovuja kutoka kwa betri za aina hiyo ni kemikali ya jamii ya magadi makali, ndiyo maana siki huiondoa: tindikali hafifu ya siki hulimaliza nguvu ganda lile, kisha spiriti hukausha. Aliukata waya ule hadi sehemu yenye shaba safi, akaunga mpya na kuulehemu kwa risasi. Sindano ikainuka. Hapa ningependa wenye K1000 wakumbuke kwamba kamera hii haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi, na kamera inayokaa bila kifuniko mezani huendelea kula betri mchana kutwa.

Kuhusu sponji sina mengi. Sponji zile ni za poliyurithani, ambayo huoza yenyewe kwa joto na unyevu, na mji ulio kando ya Ziwa Victoria una vyote viwili. Alizifuta zote kwa spiriti na vijiti vya mbao, akaziba mifereji ya mlango kwa uzi wa sufu mweusi na upande wa bawaba kwa kitambaa cha mahameli. Uzi wa sufu hauozi kwa namna ile, na kamera kadhaa za zamani zilitengenezwa kwa uzi tangu kiwandani.

Shata ndiyo iliyonifunza maana ya lile jibu lake la siku ya kwanza. Katika kasi za polepole, pazia la kwanza hufunguka lote, kisha mtungo mdogo wa gia hulichelewesha pazia la pili kwa muda unaotakiwa. Mtungo huo una nanga inayogonga meno ya gia kwa zamu, jambo ambalo fundi saa analijua kuliko mpiga picha yeyote, na mafuta yake yakiganda, sekunde moja hugeuka mbili. Aliusafisha kwa petroli safi ya kujazia viberiti, akaukausha, akaweka mafuta ya saa kwa ncha ya sindano kwenye egemeo tu, si kwenye meno. Mlio ulibadilika papo hapo.

Kasi za haraka ni habari nyingine. Kuanzia juu ya 1/60, ambayo ndiyo kasi ya mwisho ya kutumia taa ya flashi katika kamera hii, mapazia hayafunguki yote kwa wakati mmoja. La pili hulifuata la kwanza kwa karibu, na filamu hupata mwanga kupitia mwanya mwembamba unaosafiri. Katika 1/1000 mwanya huo una upana wa milimita chache tu. Kila pazia lina springi yake yenye kikazo kilicho chini ya bamba la chini, na anayekaza moja bila nyingine hupata picha iliyo nyeupe upande mmoja na nyeusi upande mwingine, au pazia la pili linalolipita la kwanza na kuufunga mwanya kabla ya safari kwisha. Vikazo vile vinaonekana wazi mara bamba linapotoka, na nadhani ndiyo sababu mafundi wengi wa kubahatisha hushawishika kuvizungusha.

Huyu hakuvizungusha. Alisafisha egemeo za roli za mapazia, akafyatua shata mara nyingi ili zijikaze, kisha akapima kwa kihisi cha mwanga kilichounganishwa na simu. Kasi ya 1/1000 ilitoka karibu na 1/700, na tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa fremu ilikuwa ndogo. Hiyo ni kama nusu stopu ya mwanga wa ziada (stopu moja ni mwanga maradufu), kiasi ambacho filamu ya negativu, ya rangi au nyeusi na nyeupe, huvumilia bila kulalamika. Anayetumia filamu ya slaidi angekuwa na haki ya kudai zaidi. Fundi alinionyesha namba, akaniuliza ninatumia filamu gani, na nilipomjibu akafunga bamba. Napenda uamuzi wa namna hiyo kwa sababu ulitokana na matumizi ya mteja, ingawa kihisi chenyewe ni cha bei nafuu na sikuona kikilinganishwa na kipimo kingine cha uhakika. Namba zake nazichukua kama makadirio mazuri.

Kwa lenzi, joto la huku ndilo adui wa kwanza. Grisi iliyo kwenye nyuzi za kulengea hulegea, mafuta hujitenga nayo na kutambaa hadi kwenye vipande vya tundu. Katika kamera ya aina hii, tundu hukaa wazi wakati wa kutazama na hujifunga hadi kipimo kilichochaguliwa pale tu picha inapopigwa, kwa hiyo vipande vyenye mafuta huchelewa kujifunga na picha huungua kwa mwanga. Tiba ni kuviosha hadi vikauke kabisa, na kamwe visipakwe chochote. Nimewahi kuona ushauri wa kupulizia mafuta ya bawaba za mlango. Huo ni ushauri wa kuua lenzi.

Kabla ya kutenganisha nyuzi za kulengea, alikwaruza alama ndogo mahali hasa zilipoachana. Nyuzi hizi zina mianzo kadhaa, na pande mbili zinaweza kuingiana kwa urahisi kabisa kupitia mwanzo usio wake, zikazunguka vizuri, lenzi ikaonekana nzima, ila isiweze kulenga kitu cha mbali. Baada ya kuweka grisi mpya na kufunga, aliweka karatasi nyepesi inayopitisha mwanga mahali pa filamu, akafungua shata kwa alama ya B, inayoiacha wazi muda wote kitufe kikiwa kimebonyezwa, akatoka nje na kuielekeza kamera kwenye vilima vya Riat hadi ukingo wa kilima ukaonekana mkali kwenye karatasi wakati pete imefika mwisho. Hakuna kifaa cha gharama hapo, na bado ni kipimo sahihi.

Kuvu ilihitaji subira. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, na hustawi kwenye kioo kilichofungiwa gizani penye unyevu mwingi, zikila vumbi na mafuta ya vidole; tindikali zinazotoa ndizo zinazokula tabaka la rangi lililopakwa juu ya kioo. Lenzi ya Pentax-M ya milimita 50 yenye tundu la f/2 ina bahati ya kuwa na vioo vitano vilivyotengana vyote, hakuna viwili vilivyogandishwa pamoja, kwa hiyo kila uso unafikika. Alivifunika vioo vilivyoathirika kwa pamba yenye mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi na amonia, akaviosha, akavimalizia kwa spiriti. Nyuzi zilitoka. Palibaki alama hafifu mithili ya unyayo wa konokono kwenye ukingo, ambazo huonekana ukielekeza tochi, na alinionya kwamba kuzisugua kungeondoa tabaka lenyewe. Katika picha sijaziona.

Mambo aliyoyakataa kabisa ni haya: kufuta skrini ya kulengea, kufuta kioo kinachoinuka kwa kitambaa, na kufungua prizimu, kile kioo cha juu kinachopeleka taswira kwenye jicho. Kioo cha kamera kina madini yake upande wa mbele, tofauti na kile cha bafuni, na mfuto mmoja wa shati huacha mikwaruzo ya kudumu. Skrini ni plastiki laini yenye mistari midogo mno. Vumbi lililo huko ndani linamkera mtazamaji lakini haliingii kwenye picha, na yeye hulipuliza kwa puto la mpira basi. Nilibakiwa na chembe moja nyeusi kwenye kona ya kitazamio, na nimeamua kuishi nayo.

Wenye kamera za kielektroniki wajue mipaka yake. Canon AE-1, iliyotoka mwaka ule ule wa 1976, ni ndugu wa K1000 kwa umri tu. Betri ikiisha haipigi picha hata moja, kwa kuwa shata yake inaongozwa na sakiti. Ugonjwa wake maarufu, ule mlio wa kukohoa kila shata inapofyatuka, anautibu kwa kuingiza tone la mafuta kwenye gia za kioo kwa sindano ndefu. Sakiti ikifa, humrudishia mteja kamera bila kumtoza, na sioni ubaya. Kamera ndogo zenye flashi ndani huzipokea, ila humfukuza mezani kila mtu anapozifungua, kwa sababu kapasita ya flashi huhifadhi volti zipatazo 300 hata betri zikiwa zimetolewa.

Sasa malalamiko. Ngozi bandia ya mbele, ambayo ilibidi ibanduliwe ili kufikia skrubu zilizo chini yake, ilirudishwa kwa gundi ya viatu kutoka kwa jirani zake. Harufu ilikaa muda mrefu, kona moja imeanza kuinuka, na pana doa la manjano ukingoni. Kwa kazi safi kiasi kile ya ndani, umaliziaji huo unasikitisha. Kazi pia ilichelewa kupita siku aliyoniahidi, kwa sababu ya mahameli iliyokuwa haijafika, na hakunipigia simu; nililazimika kwenda kuuliza. Hatoi stakabadhi wala dhamana ya maandishi, ingawa alisema kwa mdomo kwamba shata ikikwama tena niirudishe. Chumba kiko karibu na barabara, vumbi ni jingi, na ijapokuwa kazi ya lenzi huifanya alfajiri baada ya kunyunyiza maji sakafuni, ningependa aone umuhimu wa kuwa hata na kisanduku cha kioo cha kufanyia kazi hiyo.

Nilijaribu kamera kwa filamu ya Ilford HP5 Plus huko Dunga, nikielekeza fremu kadhaa kwenye anga tupu juu ya ziwa kwa 1/1000, kwani anga moja pana hufichua hitilafu ya mapazia haraka kuliko kitu chochote. Niliisafisha filamu nyumbani, nikipoza maji kwa barafu, maana maji ya bomba ya Kisumu huzidi nyuzi 20 za Selsiasi zinazotajwa kwenye jedwali la dawa. Anga ilitoka sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na michirizi ya mwanga kutoka mlangoni, hata katika fremu niliyoiacha kwenye jua kwa makusudi kabla ya kuivuta. Sindano ya kipima mwanga inakubaliana na kipima mwanga cha mkononi nilichoazima, isipokuwa kwenye mwanga hafifu ambako hudai mwanga mwingi kidogo kuliko inavyohitajika.

Kwa shilingi 4,500, naiona bei kuwa ya haki kwa kamera ya kimakanika yenye lenzi rahisi. Sitamshauri mtu ampelekee lenzi yenye vioo vilivyogandishwa vinavyoachana, wala kamera ambayo thamani yake iko kwenye sura ya nje. Anayekwenda atoe betri na filamu mapema, na adai ngozi irudishwe kwa gundi nyingine hata ikibidi ainunue mwenyewe. Jumamosi chumba hufungwa kwa ajili ya ibada. Jumapili huwa wazi lakini wateja ni wengi, kwa sababu wanaonunua kamera Kibuye asubuhi huwa wamekwisha kufika kwake kabla ya saa sita mchana.